Sahani ya Njombe na Tumbo Linalosumbua

Mpunga haustawi katika baridi ya Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wali unaoliwa huko hutoka mabondeni, Kilombero na Usangu, na Makambako ndiyo lango lake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapita hapo, na hapo ndipo barabara ya Songea inapochepuka kutoka ile ya Iringa kwenda Mbeya.

Kama wali huo, sahani ya Njombe imejazwa kidogo kidogo na vyakula vingi vya kutoka kwingine. Ulezi ni wa zamani, mahindi yakaja kuutawala. Viazi mviringo vililetwa na wamisionari na walowezi wa Kizungu, vikaukubali udongo wa wenyeji, Wabena na Wakinga, hata leo magunia ya lumbesa yanateremka kwenda kwa wakaanga chipsi wa Dar es Salaam. Ngano ikaleta chapati na maandazi. Miaka ya 2000 shirika la Kiitaliano la CEFA likawasaidia wafugaji kuwa na kiwanda cha maziwa, na jibini ikatengenezwa palepale. Kisha yakafuata mashamba ya maparachichi ya aina ya Hass. Katika mabadiliko yote hayo, mboga ya kila siku imebaki maharage.

Na maharage ndiyo yanayomtesa mwenye ugonjwa wa utumbo uitwao IBS. Tumbo linajaa gesi na kusokota, leo anaharisha, kesho choo kimefunga, na vipimo havionyeshi kidonda wala minyoo.

Wazo la kumwondolea mgonjwa vyakula ili kumnasa mkosaji lina karibu miaka mia. Daktari Albert Rowe wa California alilieneza tangu miaka ya 1920, akitafuta chanzo cha mzio. Kwa utumbo, hatua kubwa ilitoka Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Mwaka 2005 Peter Gibson na Susan Shepherd walilikusanya kundi la sukari ambazo utumbo mwembamba haunyonyi vizuri: hufika chini zikiwa nzima, zikavuta maji, bakteria wakazichachusha. Zimo kwenye maharage, vitunguu, ngano, matofaa na maziwa. Mgonjwa huziacha kwa wiki 2 hadi 6, kisha huzirudisha moja moja akisikiliza tumbo.

Ukiipima sahani ya Njombe kwa kipimo hicho, ina bahati kubwa kuliko ya miji mingi. Ugali wa mahindi, viazi mviringo, wali, karoti, mayai na nyama havina tatizo. Mwenye IBS hana sababu ya kununua vyakula vya makopo kutoka ng'ambo. Kazi iko kwenye sufuria ya mboga. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, sehemu ya sukari hizo inaondoka na maji. Kitunguu kikikaangwa vipande vikubwa, kikatolewa kabla nyanya haijaingia, mafuta yanabaki na harufu yake, kwa kuwa sukari ya kitunguu haiyeyuki kwenye mafuta. Majani mabichi ya kitunguu yanaruhusiwa. Jibini iliyokomaa nayo ina laktosi kidogo mno, afueni kwa watu wazima wengi ambao miili yao haimeng'enyi sukari hiyo ya maziwa vizuri.

Parachichi limewashughulisha hata wataalamu. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa na sukari iitwayo sorbitoli, mpaka Monash walipolipima upya na kukuta sukari nyingine, perseitoli. Kipande kidogo kinavumilika kwa wengi. Tunda zima ni jambo jingine.

Lakini mkoa wa Njombe unaolisha wengine una takribani nusu ya watoto wake chini ya miaka mitano waliodumaa. Katika nyumba za watoto hao maharage ndiyo protini ya bei nafuu, na kuyaondoa kwenye chungu cha familia nzima kwa sababu ya tumbo la mtu mmoja ni kuwanyima watoto. Mgonjwa apakuliwe pembeni, akipata yai au dagaa. Kwanza apimwe minyoo na amiba. Akiona damu chooni au akikonda bila sababu, asianze kuacha vyakula, aende hospitali. Wiki zikitimia, maharage yarudi kwake pia, vijiko viwili kwanza, kisha vinne, mpaka ajue kiasi ambacho tumbo lake linakubali.