Maktaba za programu "nusu rasmi": uziamini au uziache?

Wadau, leo ni zamu ya wale mnaojifunza kutengeneza tovuti na programu pale kafe.

Maktaba ya programu ni msimbo ulioandikwa tayari na mtu mwingine, unauchukua na kuuchomeka kwenye kazi yako. Ikiwa huria, unaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuubadilisha kwa masharti ya leseni yake.

Maktaba RASMI inatolewa na kutunzwa na mwenye huduma. NUSU RASMI ina jina lake kubwa, ila hajaahidi kuitunza. Mfano, ghala nyingi zilizo chini ya jina la Google zina sentensi inayosema kuwa hiyo si bidhaa inayohudumiwa rasmi na Google. Wengi hatuisomi!

Sasa tuje nyumbani. Tuseme mzee mmoja hapa Mtinko anataka tovuti ya kuuzia mafuta yake ya alizeti, wateja walipe kwa M-Pesa. Ukitafuta mtandaoni utakuta maktaba kibao zenye neno "mpesa". Nyingi zimeandikwa na watu binafsi kwa ajili ya Daraja, mfumo wa Safaricom ya Kenya. M-Pesa ya Tanzania, iliyoanza 2008, ni ya Vodacom na ina mlango wake mwingine kwa watengenezaji. Kwa hiyo maktaba inaweza kuwa safi kabisa na bado isikufae. Jina moja, mfumo tofauti.

Hatari nyingine ni hizi. Machi 2016 mwandishi wa left-pad, maktaba ya mistari 11 tu, aliiondoa mtandaoni, na kazi nyingi duniani zikagoma. Machi 2024 iligundulika kuwa xz, inayotumika kwenye Linux, imetiwa mlango wa siri na mtu aliyejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili.

Kabla hujachukua, jiulize:

1. Je, tovuti ya mwenye huduma yenyewe inakuelekeza kwenye maktaba hiyo?
2. Ilirekebishwa lini mara ya mwisho? Malalamiko ya watumiaji yanajibiwa?
3. Inatunzwa na wangapi? Akiwa mmoja, akichoka imekwisha.
4. Leseni inasemaje? Ile ya MIT inatamka wazi kuwa hakuna dhamana.
5. Ikifa kesho, utaweza kuitunza mwenyewe?

Uamuzi uendane na uzito wa kazi. Kama ni kupanga tarehe au rangi, chukua tu. Kama inagusa pesa au funguo za siri, soma mwongozo wa mwenye huduma na uandike mwenyewe sehemu hiyo, mara nyingi si ndefu. Ukilazimika kutumia ya mtu, isome yote, ifungie kwenye toleo moja unalolijua, tunza nakala, na ujaribu kwanza kwenye mazingira ya majaribio.

Pesa ikipotea, mzee wa alizeti hatamtafuta aliyeandika maktaba. Atakutafuta wewe.

Nawasilisha. Wenye uzoefu, tusaidiane hapo chini.