Kasaba Usiku Ule: Nani Atawaamsha Walio Chini?

Usiku wa Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, kuamkia Ijumaa, mvua kubwa yenye upepo mkali ilinyesha juu ya milima ya kusini mwa wilaya yetu ya Fizi. Katika sekta ya Ngandja, mto Kasaba ulivunja kingo zake. Haukuja na maji matupu. Ulibeba mawe makubwa, miti iliyong'olewa na tope zito, ukashuka navyo hadi kijiji cha Kasaba kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ukazibomoa nyumba zilizokuwa kando ya ziwa. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa 62. Baadaye ilipita 100. Nyumba zipatazo 150 ziliharibika. Wengi wa waliofariki walikuwa watoto na wazee, yaani wale wasioweza kukimbia.

Kijiji kile kilifikika kwa njia ya ziwa tu, wala hakikuwa na mtandao wa simu. Siku za kwanza, shirika la misaada lililokuwa pamoja na machifu na wakazi katika kuitafuta miili lilikuwa Msalaba Mwekundu. Nchi nzima wakati ule ilikuwa ikitazama vita: Goma ilikuwa imetekwa mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari. Kasaba ililia, na sauti yake ikachelewa kutufikia.

Vijana wenzetu wa Baraka na Fizi, tunaandika habari hii si kwa ajili ya kuamsha majonzi. Tunaiandika kwa sababu tumezoea kusema kwamba maafa ya namna hii huja ghafla. Mvua ndiyo huja ghafla. Maafa yenyewe yana historia, na anayeijua historia hiyo anaweza kumwokoa jirani yake.

Tuanze na ardhi tunayoikanyaga. Ziwa letu limelala ndani ya bonde kuu la ufa, ambako ardhi imepasuka na kuzama kwa muda mrefu kupita hesabu ya wanadamu. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na upande wetu wa magharibi milima ya Itombwe inapanda zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kazi ile ya ardhi haijakwisha: tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lililotokea chini ya ziwa lilibomoa nyumba huko Kalemie. Kati ya mlima mrefu hivyo na ziwa refu hivyo, sehemu tambarare ni chache na nyembamba. Nyingi kati yake ziko kwenye midomo ya mito.

Nani aliyezitengeneza tambarare hizo? Ni mito yenyewe. Kila mvua kubwa, udongo na mawe huporomoka kutoka kwenye miteremko, mto huvipokea, huvishusha kwa nguvu, kisha huviacha pale unapofika mahali pa tambarare na kupungua mwendo. Kwa karne nyingi mabaki hayo yamejipanga safu juu ya safu. Ndiyo maana udongo wa pale una rutuba, na mihogo hustawi. Ndiyo maana pia, anayechimba msingi wa nyumba karibu na mto hukutana na mawe ya mviringo, mengine makubwa kuliko ndoo. Jiwe kama hilo halikuota pale. Mto ndio uliolileta. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ziwa nalo halijawahi kusimama mahali pamoja. Stanley alipopita mwaka 1876, mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa maji ya ziwa kutoka, ulikuwa umezibwa na matete na tope, na ziwa lilikuwa juu. Miaka michache baadaye kizuizi hicho kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu kuelekea mto Kongo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa, likaacha ardhi mpya ufukoni. Watu wakalima ardhi hiyo na kujenga. Kisha mwaka 2024 ziwa lilipanda tena na kuingia katika nyumba za watu Uvira na Kalemie. Basi anayeishi ufukoni anaishi kati ya wawili wanaosogea: ziwa mbele yake, mto na mlima nyuma yake.

Lakini ardhi peke yake haituelezi kwa nini watu wengi hivyo walilala pale usiku ule. Hapo inatubidi tusome historia ya binadamu. Wilaya ya Fizi imekimbiwa mara nyingi. Uasi wa mwaka 1964 uliwatawanya watu. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha maelfu kwa maelfu ziwani hadi mkoa wa Kigoma, Tanzania, ambako wengi wenu mlizaliwa, au wazazi wenu walilelewa, katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Mwezi Oktoba 2005 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Waliorudi hawakukuta kila kitu walichokiacha. Wengine walikuta mashamba yao ya zamani yanalimwa na wengine; wengine waliona milimani hakuna usalama kwa sababu ya makundi yenye silaha. Wakabaki karibu na ziwa, penye barabara, soko, ndagala na kisima.

Pamoja na kukimbia huko, kitu kingine kilipotea ambacho hakionekani kwa macho: kumbukumbu ya mahali. Mzee aliyejua mto ulipita wapi zamani alifia ugenini, au alirudi akiwa peke yake, naye hakuulizwa. Mtoto aliyezaliwa kambini alirudi katika kijiji cha babu yake akiwa kama mgeni, akajenga mahali alipopata nafasi. Hatuwezi kumlaumu. Hakuna aliyemwambia.

Wakati huohuo miteremko ilibadilika. Miti ilikatwa kwa ajili ya makaa, mbao na mashamba. Mlima uliovuliwa miti haushiki tena maji wala udongo kama zamani. Mvua ileile ambayo babu zetu waliisikia juu ya mabati au nyasi wakaendelea kulala, leo inaweza kuushusha mlima.

Tukitazama jirani zetu, tunaona kwamba Kasaba haikuwa ya kwanza. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makao. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, huko Kalehe kando ya Ziwa Kivu, mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku yake ya soko, na wageni walikuwa wengi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Aprili, Mei, na Mei tena: mwisho wa msimu wa mvua, wakati ardhi imeshiba maji na haiwezi kunywa zaidi. Hilo si fumbo. Ni kalenda.

Tunajua jibu linalotolewa haraka: watu wahame kingo za mito. Ni jibu la kweli, na wenye mamlaka wana wajibu wa kuonyesha viwanja salama vya kuhamia. Lakini tusilitamke kwa urahisi mbele ya mjane ambaye mtumbwi wa mwanawe uko pale ufukoni, naye alikwisha kuyakimbia makao yake mara mbili. Kumwambia ahame bila kumwambia aende wapi ni kumwongezea mzigo. Kwa hiyo, huku tukiendelea kudai viwanja hivyo, tujiulize: mvua ijayo, kabla hajahama, nani atamwamsha?

Kazi hiyo inawezekana, nayo haihitaji fedha nyingi. Kwanza, tuwaulize wazee walio hai mto ulifika wapi katika miaka yao, na tupapige alama mahali hapo, kwenye mti au kwenye ukuta, ili kila anayejenga apaone. Pili, wanaoishi juu ya mto wawe macho ya wanaoishi chini. Pasipo na mtandao wa simu, kuna ngoma, filimbi na kengele. Kinachotakiwa ni watu wote kukubaliana mapema mlio upi una maana ya kuondoka. Tatu, tuzijue dalili: nyufa mpya juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka tope, mngurumo unaotoka mlimani. Dalili inayowadanganya wengi ni mto kupungua ghafla huku mvua ingali inanyesha. Huo si unafuu. Huenda udongo umeuziba huko juu, na kizuizi kikipasuka, yote yatashuka kwa pamoja. Anayeona hivyo akimbie kuelekea mwinuko ulio pembeni, asifuate mkondo wa mto, wala asirudi ndani kuchukua godoro.

Nne, katika usiku wa mvua kubwa, familia za kingoni zilale mahali pa juu: shuleni, kanisani, msikitini, kwa ndugu. Kulala nje ya nyumba usiku mmoja si kuihama. Na kila mzee, kila mgonjwa, kila mama mwenye watoto wachanga apewe kijana mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake usiku huo ni kumfikia yeye kwanza. Hatimaye, maji yakishapita, hatari haijapita pamoja nayo. Kipindupindu kinajulikana sana Fizi na Baraka. Maji ya mto uliobeba vyoo na miili yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Wala mtu asirudi chini ya mteremko uliovunjika kabla haujatulia, kwa maana mara nyingi udongo huporomoka tena.

Tulianza na watoto na wazee wa Kasaba. Hatuwezi kuirudisha Alhamisi ile. Lakini mvua zitarudi mwezi Septemba kama zinavyorudi kila mwaka, na kati ya sasa na siku hiyo kuna miezi ya kiangazi ambapo mto ni mdogo na mtu anaweza kuuvuka kwa miguu. Wakati huo ndio wa kupanda na mzee mmoja hadi juu, mkiwa na daftari, na kumwuliza ulipita wapi.