Wanyamapori wa msimu wa mvua: mambo ya kutazama Nakivale na Mbarara

Barani Ulaya, majira ya kuchipua huja mara moja kwa mwaka. Kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na ikweta, ardhi huchipua mara mbili: katika mvua za Machi hadi Mei, na tena za Septemba hadi Novemba. Kwa wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na wa mji wa Mbarara, huo ndio wakati mwema wa kutazama viumbe vya porini, mradi mtembezi ajue umbali wa kusimama.

Mto unaounganisha

Mto Rwizi hupita Mbarara, kisha huelekea mashariki hadi kwenye maziwa na mabwawa ya Mburo na Nakivale. Mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Ndege

Mvua za kwanza huwatoa kumbikumbi ardhini, na kumbikumbi huwavuta ndege. Kando ya ziwa, furukombe hukaa juu ya miti akivizia samaki.

Machi na Aprili ni miezi ya kuagana. Mbayuwayu na korongo weupe waliokimbia baridi ya Ulaya hurejea kaskazini kuzaliana. Ndugu aliyebaki Nakivale huwaona wakiondoka. Aliyehamia Ulaya huwaona wakifika.

Anayehitaji uangalizi zaidi ni korongo mwenye taji, ndege aliyomo katika bendera ya Uganda. Hujenga kiota chake chini, katikati ya majani ya bwawa, na kutaga mayai machache tu. Kwa kuwa mabwawa hugeuzwa mashamba na makinda hukamatwa, ndege huyu amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Anayeona jozi imetulia mahali pamoja bwawani asiikaribie: huenda kiota kipo hapo.

Wanyama

Katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyo karibu na Mbarara, wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu wakiongozwa na askari wa wanyamapori. Humo wamo punda milia, pofu, nyati, ngiri na swala pala. Twiga waliletwa mwaka 2015 kutoka Hifadhi ya Murchison Falls.

Usalama

Hatari kubwa zaidi ziko majini na kandokando yake. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi ziwani alfajiri. Anayesimama kati yake na maji humzibia njia, naye hushambulia. Mamba hujificha karibu na ukingo. Kwa hiyo:

- Tembea mchana, na usiende peke yako.
- Usiwaache watoto wachezee au wachote maji penye nyayo za viboko.
- Vaa viatu vilivyofunika mguu. Majani marefu ya msimu wa mvua huficha nyoka.
- Usiguse mayai wala makinda.

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuua au kukamata wanyama wanaolindwa bila kibali, na inamhusu kila aliye nchini, raia na mkimbizi sawia. Kutazama kwa mbali humlinda mnyama, na humlinda pia mtazamaji.