Kurekebisha Makosa na Upungufu katika Maombi ya Bima ya Afya

Maombi ya uanachama wa bima ya afya huweza kurudishwa kwa sababu inayoonekana ndogo: herufi moja ya jina, tarehe ya kuzaliwa isiyolingana, au cheti ambacho hakikuambatishwa. Kwa kaya za Mgeta, Kinole au Matombo, katika Milima ya Uluguru, kasoro hiyo inaweza kubainika mgonjwa akiwa tayari amefikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na familia ikalazimika kulipa fedha taslimu.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, humwandikisha mtumishi mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4. Fomu ya mtumishi hupitia kwa mwajiri, ambaye huithibitisha. Mwenza huthibitishwa kwa cheti cha ndoa na mtoto kwa cheti cha kuzaliwa.

Hapa ndipo desturi na fomu hupishana. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na si ajabu mtoto kulelewa nyumbani kwa mjomba wake. Malezi hayo, hata yakiwa ya miaka mingi, hayamfanyi kuwa mtegemezi wa mjomba katika bima. Panahitajika uasili uliofanyika kisheria. Kumwandika kama mtoto wa kuzaa si kurekebisha upungufu, bali ni kutoa taarifa za uongo.

Tofauti ya tarehe inaweza kugunduliwa mapema. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwombaji azilinganishe na cheti chake kabla ya kukabidhi fomu.

Kosa likishabainika, swali la kwanza ni lilikoanzia. Likiwa la uandishi katika fomu au katika kuingiza taarifa, ofisi ya bima ndiyo huliondoa, mwanachama akionesha nyaraka sahihi. Likiwa ndani ya cheti cha kuzaliwa, marekebisho hufanywa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao huduma zake za usajili hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Likiwa katika kitambulisho, ni kazi ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Kubadili fomu pekee ilhali cheti kimebaki na kosa huhamishia tatizo kwenye maombi yajayo.

Kwa mtoto mchanga, tangazo la kizazi linalotolewa kituoni alikozaliwa ndilo msingi wa cheti. Wazazi wahakiki majina yao humo kabla ya kuondoka kituoni, kwa kuwa safari ya kurudi kutoka mlimani kwa ajili ya herufi moja hugharimu nauli na siku nzima ya shamba.