Mkrismasi: Mgeni Kutoka Madagaska

Kila Desemba mkrismasi huzitia wekundu barabara za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na kwa jinsi ulivyozoeleka wengi huuhesabu kuwa mti wa asili wa pwani yetu. Ushahidi unakataa. Mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia, alifika Unguja na Mombasa mwaka 1824, lakini mti huu aliukuta Madagaska, umepandwa Foulpointe, pwani ya mashariki. Mwaka 1829 maelezo yake yalichapishwa Uingereza na William Hooker, na leo jina la kisayansi la mti huu ni Delonix regia. Mtu anaweza kuhoji: ikiwa Bojer aliukuta umepandwa, nani ajuaye kama haukupelekwa huko kutoka kwetu? Hoja hiyo ni nzito, na ilichukua muda mrefu kujibiwa. Katika karne ya 20 ndipo ilipopatikana miti iliyojiotea yenyewe, katika misitu mikavu ya Madagaska penye mawe ya chokaa. Tena, sehemu kubwa ya jamii za Delonix haipatikani popote ila kisiwa hicho. Ndugu yake mmoja, Delonix elata, ni mwenyeji wa nyika za Kenya na Tanzania, ila maua yake ni meupe yanayogeuka manjano. Huo ni mti mwingine kabisa.

Wengine huuchanganya na kibobakasi, kwa kuwa nacho huchanua maua mekundu. Tazama ua: la kibobakasi ni kama kikombe, la mkrismasi lina petali tano zilizoachana, moja ikiwa na madoa meupe au ya manjano. Vijani vyake ni vidogovidogo mno, na maganda ya mbegu ni bapa, magumu, marefu hata kufikia nusu mita.

Ugeni wake si sababu ya kuukata. Kivuli chake kipana ni neema kwenye viwanja vya shule na vituo vya basi. Lakini tusiusifu kwa usichonacho: mbao zake ni laini na huliwa na mchwa, na ingawa ni wa ukoo wa kunde, haurutubishi udongo kwa vinundu vya mizizi. Mizizi hiyo hutambaa juujuu na kupasua kuta. Basi upandeni uwanjani, mbali na nyumba na mabomba, na kando yake pandeni pia mti wa asili wa kwetu, kama mkwaju.