Wakongomani mbele ya majuji wa ugenini

Kutoka Kabambare mpaka Fizi, kisha ziwa, kisha Kigoma: njia hiyo wazee wetu waliijua tangu wakati wa Mulele, mwaka 1964. Wengine waliishika tena mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Leo kuna familia za Kasongo na Kabambare zenye ndugu kule Tanzania, Canada ao Ulaya, na swali lao ni lile lile: mtu akipewa barua ya kumkatalia ukimbizi, kesho yake anapandishwa ndege?

Mkataba wa Geneva wa 1951 na ule wa OUA, uliotiwa saini Addis Abeba tarehe 10 Septemba 1969, inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake ao uhuru wake uko hatarini. Ule wa Afrika unakataza hata kumfukuza mpakani. Lakini karatasi haijitetei yenyewe, inahitaji juji.

Mwaka 2008, Rachidi Ekanza Ezokola, mwanadiplomasia wetu kwenye Umoja wa Mataifa New York, aliacha kazi na kukimbilia Canada. Alisema hawezi tena kutumikia serkali ya Kabila. Ofisi ya wakimbizi ikamkatalia: serkali ile ilitenda maovu, naye alikuwa mtumishi wake, basi ni mshiriki. Akaenda mahakamani, akashinda, kisha akashindwa kwenye rufaa. Tarehe 19 Julai 2013, Mahakama Kuu ya Canada ilisema kwamba kufanya kazi serkalini peke yake hakutoshi. Lazima mtu awe amechangia uovu kwa hiari, kwa kujua, na kwa kiasi kikubwa. Majuji hawakumpa ukimbizi. Dosiye ilirudishwa ipimwe upya na watu wengine. Kazi ya juji mara nyingi inaishia hapo, na familia zinazongojea zijue hivyo.

Kule Uholanzi mambo yalikwenda vingine. Floribert Njabu na wenzake wawili, kutoka Ituri, walikuwa wamefungwa Makala tangu 2005 bila kuhukumiwa. Mwaka 2011 waliletwa La Haye kutoa ushahidi katika kesi ya Germain Katanga, wakaitaja serkali ya Kinshasa. Baadaye wakaomba ukimbizi wakiogopa kulipiziwa. Majuji wa CPI walisimamisha kurudishwa kwao, Uholanzi ikasema dosiye si yake, lakini tribinali yake yenyewe ikailazimisha kuipokea.

Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Anayeshukiwa uhalifu wa kivita anaweza kunyimwa ukimbizi. Ila hiyo haitoshi kumpeleka kwenye mateso. Swali la pili linapimwa peke yake, hata kwa mtu asiyependwa na yeyote. Baraza la Serkali la Uholanzi lilipima, na mwezi wa sita 2014 likaruhusu warudishwe. Mwezi uliofuata walikuwa Kinshasa. Mimi naona miaka mitatu ya kesi kwa watu wa namna ile yaonyesha uzito wa swali, hata kama jibu liliwaumiza.

Nasi pia tunapokea watu. Warundi wako Lusenda, kule Fizi, tangu 2015. Sheria yetu namba 021/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliweka Tume ya Taifa ya Wakimbizi, na pembeni yake tume ya rufaa kwa yule aliyekataliwa.