Usukani na shokapu za pikipiki, marekebisho ya

Marekebisho ya usukani na shokapu ni kazi ya kuilinganisha pikipiki na mwili wa dereva, mzigo wake na barabara. Katika kata ya Itaka, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kazi hii huhusu hasa bodaboda za India na China zilizochakaa kwa kubeba magunia ya mahindi na kahawa kwenye vumbi la kiangazi, na kwenye utelezi kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiwandani zilipangiwa dereva na abiria mmoja tu. Mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, ni kosa barabarani, na shokapu za nyuma ndizo zinazoanza kutoa ushahidi.

Shokapu ya nyuma ina springi nje na oili ndani. Springi hubeba uzito, oili huizuia isirukeruke. Chini ya springi kuna pete yenye ngazi, mara nyingi tano. Pete ikizungushwa kupanda ngazi, springi hubanwa kabla ya mzigo kuwekwa na kiti huinuka. Springi yenyewe haiwi ngumu zaidi, ingawa vijiweni wengi watabisha. Pande zote mbili zikae ngazi ileile, la sivyo gurudumu huvutwa upande. Spana yake ya ndoano hupotea mapema, kazi ikaachiwa nyundo na bisibisi, na ngazi zikaisha meno.

Kabla ya kugusa pete, fundi mzuri hukandamiza mkia wa pikipiki na kuuachia ghafla. Ukirudi na kutulia, oili bado ipo. Ukidunda mara mbili tatu, shokapu imekufa, na hakuna ngazi itakayoifufua. Kosa la kawaida ni kuipandisha shokapu iliyokufa hadi ngazi ya tano: kiti kinapendeza kwa macho, lakini kila shimo linamrusha abiria juu zaidi, maana springi iliyobanwa haina wa kuishika. Hapo dawa ni kubadilisha zote mbili pamoja.

Kwenye shokapu za mbele, adui ni vumbi. Hukwangua oili sili, oili ikavuja kwenye bomba. Anayejazia oili nzito ya injini hupata shokapu ngumu inayopiga mikono, hasa asubuhi za baridi za Mbozi. Shokapu zote mbili za mbele zipate oili kwa kipimo kilekile.

Usukani hushikwa na vibano viwili vyenye bolti nne. Zikilegezwa, usukani huzungushwa kuelekea kwa dereva au mbele mpaka viganja vikae bila kukunjika. Vibano vyenye alama ya nukta hufungwa nukta ikielekea mbele, na bolti za mbele hukazwa kwanza. Kuuinua usukani kwa vipande vya bomba vya kuchomelea ni hatari: ukikatika, dereva hana cha kushika. Hata ukiinuliwa vizuri, nyaya za klachi, breki na mafuta huwa fupi. Injini ikinguruma taratibu, usukani ukatwe kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta unavutwa, na pikipiki hiyo isitoke gereji.

Taa hupangwa mwisho, mzigo wa kawaida ukiwa juu ya kiti, kwa sababu mkia ukibonyea mwanga hupanda kwenye macho ya wanaokuja.